Hadithi moja, njia tano: ipi inawafanya watoto wafikiri na kujadiliana katika kipindi cha kusoma?

Darasa la tano, kipindi cha dakika 40, watoto 72, vitabu 18. Hadithi ya leo ni ya Kima na Papa, ambayo watu wengi wa pwani waliisikia kwa bibi zao kabla hawajaikuta kitabuni. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari. Papa huja chini yake, kima humrushia matunda, wakawa marafiki. Siku moja papa anamwalika kwao. Kima anapanda mgongoni, wanakwenda, na wakiwa katikati ya maji papa anamweleza ukweli: sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba laiti angeambiwa mapema, maana wao wakitoka matembezini mioyo yao huiacha mtini. Papa anageuza, anamrudisha, kima anarukia tawini na hashuki tena. Akiitwa anauliza, "Unanidhani mimi punda wa dobi?" Hapo inaingia hadithi ya pili, ya punda aliyedanganywa na sungura akapelekwa kwa simba, akaponea chupuchupu, akadanganywa tena akarudi, akauawa. Sungura akaula moyo wake na masikio yake. Simba alipouliza viko wapi, akaambiwa punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo asingerudi.

Hadithi hiyo nimeifundisha kwa njia tano tofauti, katika madarasa tofauti, miaka tofauti. Naziweka hapa bega kwa bega, zote kwa hadithi hiyohiyo, ili mwalimu mwenzangu aone tofauti iko wapi na achague inayomfaa. Kila njia nitaipima kwa maswali mawili. Nani anauliza maswali darasani? Na ni watoto wangapi, ndani ya dakika 40, wanapata kusema jambo walilolifikiria wenyewe? Mengine yote, yaani vitabu, muda na maandalizi, nitayataja yanapogusa uamuzi wako.

Maswali ya ufahamu

Hii ndiyo njia tuliyosomeshwa nayo karibu sote. Watoto wanasoma kwa zamu, aya kwa aya, kisha mwalimu anauliza.

"Kima alikuwa akila matunda ya mti gani?"

"Mkuyu!"

"Vizuri sana. Mpigieni makofi."

Mwaka 1975 Waingereza wawili, John Sinclair na Malcolm Coulthard, walieleza kwa kina muundo wa mazungumzo ya namna hii: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anatoa tathmini, kisha swali jipya. Ukikaa nyuma ya darasa lolote, Tanga au Kisumu, utauona muundo huo ndani ya dakika tano za mwanzo.

Sitaki kuidharau. Inafanya kazi yake. Kwa dakika chache unajua kama watoto wameshika nani alifanya nini na wapi, na mtoto asiyejua hilo hana pa kuanzia mjadala wowote. Haihitaji maandalizi makubwa, inafaa darasa la ukubwa wowote, na inafanana na mtihani wa darasa la saba, ambao maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu. Mwalimu mwenye wazazi na mwalimu wa taaluma wanaomdai matokeo hawezi kuitupa.

Lakini jaribu jambo hili kesho. Andika ubaoni: *Mlupe alimgwazua chindo wake kando ya lumbeto.* Kisha uliza: nani aligwazuliwa? Chindo. Aligwazuliwa wapi? Kando ya lumbeto. Nani alimgwazua? Mlupe. Darasa zima linapata tatu kwa tatu, na hakuna mtu duniani anayejua sentensi hiyo ina maana gani, kwa sababu maneno manne nimeyabuni mimi. Mtoto anaweza kujibu maswali ya nani, nini na wapi kwa kuokota neno lililokaa mahali panapofaa. Alama zinakuja, uelewa haupo.

Kwa kipimo changu, anayeuliza hapa ni mwalimu peke yake, na kwa wakati mmoja anaongea mtoto mmoja huku 71 wamenyamaza. Wengi wao ni walewale kila siku.

Kama ni lazima ubaki na njia hii, kuna mabadiliko mawili yasiyogharimu chochote. La kwanza ni kusubiri. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu huwapa wanafunzi baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja tu kabla ya mwalimu kurudia, kubadili au kumtaja mwingine. Walimu walipofikisha sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto wengi zaidi walijitokeza, na "sijui" zikapungua. Sekunde tatu za kimya mbele ya darasa ni ndefu kuliko unavyodhani. Mimi huzihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, na bado kuna siku mdomo unanitangulia.

La pili ni kugeuza swali moja kati ya kila matatu. Badala ya "papa alimwambia nini kima?" uliza "kwa nini papa alimwambia wakiwa katikati ya maji, asimwambie pwani?" Jibu haliokotwi kwenye mstari. Mtoto analazimika kuweka pamoja mambo mawili matatu, na mtoto mwingine anaweza kuwa na jibu tofauti ambalo nalo lina msingi.

Kusimama na kutabiri

Hapa hadithi haisomwi yote kwa mkupuo. Mwalimu amechagua kabla mahali pa kusimama, na kila anaposimama anauliza: nini kitafuata, na kwa nini unadhani hivyo? Kisha mnasoma mbele kuona. Njia hii iliwekwa katika utaratibu unaoeleweka na Mmarekani Russell Stauffer mwishoni mwa miaka ya 1960, ila msimulizi yeyote wa hadithi njoo anaijua kwa mazoea. Bibi alikuwa anakata hadithi palepale fisi anapoinua pazia, anavuta tumbaku yake, na sisi tunapiga kelele.

Mahali unaposimama ndipo penye kazi yote. Kwa Kima na Papa mimi husimama mara mbili tu. Mara ya kwanza ni baada ya mwaliko: je, kima aende? Mara ya pili ni baada ya papa kusema ukweli: kima afanye nini sasa? Watoto hutoa kila aina ya wazo. Aruke ajitose, alie aombe msamaha, amwume papa. Hapo swali la pili ndilo linalogeuza bahati nasibu kuwa fikra: "Umeona wapi katika hadithi?" Mtoto aliyesema aruke anaulizwa na mwenzake kama kima anajua kuogelea. Wanarudi kitabuni. Hawaoni. Lakini mmoja anakumbuka kwamba kima alipanda mgongoni mwa papa, hakuogelea pembeni yake. Huyo amesoma.

Faida kubwa ni kwamba unaweza kuifanya na kitabu kimoja. Mwalimu anasoma kwa sauti, watoto wanasikiliza. Katika darasa la watoto wanne kwa kitabu, hili si jambo dogo, na tena unawazuia wasichungulie ukurasa wa mbele.

Hatari zake ni mbili. Watoto wa pwani wengi wanaijua hadithi hii, na mmoja tu akipayuka mwisho wake, kipindi kimekufa. Kwa darasa kama hilo tumia hadithi isiyojulikana, au simama mahali ambapo hadithi yenyewe haikusema kitu, kwa mfano papa alikwenda kumwambia nini sultani. Hatari ya pili ni kugeuka mchezo wa nani kapatia. Ukimshangilia aliyebahatisha, kesho watabahatisha wote. Mimi simtaji aliyepatia. Nauliza ni sababu ya nani iliyokuwa na nguvu, na mara nyingine mwenye sababu nzuri ndiye aliyekosea mwisho wa hadithi.

Fikiri, jadili wawili wawili, shirikisha

Mwalimu akiniambia ana nafasi ya kujifunza njia moja tu mwaka huu, nitamtajia hii. Ilipendekezwa na Frank Lyman wa Marekani mwaka 1981 na ni rahisi kiasi kwamba unaweza kuianza asubuhi hiihii. Swali moja linaandikwa ubaoni. Dakika moja kila mtoto anafikiri kimya, akipenda anaandika neno mbili daftarini. Dakika mbili anazungumza na jirani yake wa dawati. Dakika nne au tano jozi kadhaa zinaliambia darasa.

Fanya hesabu. Katika maswali ya ufahamu alikuwa anaongea mtoto mmoja. Hapa kwa dakika mbili wanaongea 36 kwa mkupuo, kisha wengine 36. Madawati hayasogezwi, hakuna karatasi za kugawa.

Na kuna jambo lililonichukua muda kulitambua. Wakati wa kushirikisha nilikuwa nauliza, "Wewe umefikiri nini?" Wakajitokeza walewale. Siku moja nikauliza, "Mwenzako amesema nini?" Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake bila kumlazimisha, akasimama akaeleza vizuri kabisa hoja ya mwenzake, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila mimi sikukubali." Nikamuuliza kwa nini. Akasema papa hakukosea kusema ukweli, alikosea kuusema mahali ambapo kima hawezi kuondoka. Kusema hoja ya mtu mwingine kulikuwa kumempa mahali pa kusimama kabla ya kutoa yake.

Kelele zitakuwepo. Jiandae mwalimu mkuu kuchungulia dirishani. Ni vizuri kumweleza mapema, na pia kuwa na ishara ya kunyamaza ambayo darasa limeizoea. Kwetu ni mkono juu, anayeuona naye anainua wake mpaka wote wametulia. Ukiikosa ishara hiyo utapoteza dakika nyingi kupiga kelele kuliko zile za mjadala.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba haina nguvu kuliko swali unaloliweka ndani yake. Ukiwapa jozi swali la "mti gani?", watamaliza kwa sekunde nne na dakika mbili zilizobaki wataongelea mpira. Na anayeuliza bado ni mwalimu.

Kupokezana uongozi katika vikundi

Njia hii ilianzishwa na Wamarekani wawili, Annemarie Palincsar na Ann Brown, ambao walichapisha utafiti wao mwaka 1984. Walifanya kazi na wanafunzi waliokuwa wakisoma maneno vizuri tu lakini hawaelewi walichosoma. Mwalimu yeyote wa darasa la nne au la tano anawajua watoto hao. Wanasoma kwa sauti tamu, unawauliza walichosoma, wanakuangalia.

Kundi linasoma aya moja. Kisha kunafanyika mambo manne: mmoja anafupisha aya kwa maneno yake, mmoja anauliza swali, mmoja anafafanua neno au jambo gumu, mmoja anatabiri kitakachofuata. Aya inayofuata wanabadilishana. Mwanzoni mwalimu ndiye anayeonyesha yote manne kwa sauti mbele ya darasa, halafu anajitoa kidogo kidogo.

Hapa ndipo, kwa mara ya kwanza katika orodha hii, mtoto anauliza. Kwangu hilo ndilo linaloipa uzito kuliko zilizotangulia. Kutunga swali juu ya aya ni kazi ngumu kuliko kulijibu, na inaonyesha waziwazi mtoto alikofika. Wiki ya kwanza maswali ya watoto yalikuwa nakala ya yangu: papa ni nani, kima anakula nini. Tulichofanya ni kuyaandika yote kwenye karatasi ya manila na kuyapanga mafungu mawili, ya kuokota na ya kufikiri. Walipoona fungu la kuokota limejaa na la kufikiri lina maswali mawili tu, wenyewe wakaanza kushindana kulijaza lile jingine. Wiki ya tatu kijana mmoja akauliza kundi lake, "Kama moyo wa kima ni dawa kweli, aliyemwambia sultani hivyo alikuwa nani?" Swali hilo halimo katika kitabu chochote cha kiada nilichowahi kushika.

Gharama yake usiifiche. Kwa darasa langu ilichukua karibu mwezi mzima kabla vikundi havijaweza kwenda bila mimi kusimama pembeni. Kila kundi linahitaji angalau nakala moja ya matini ambayo wote wanaiona. Vikundi 12 vya watoto sita ni vingi kwa mwalimu mmoja, kwa hiyo mimi huzunguka vinne kwa kipindi na vingine navikuta kipindi kijacho. Mtoto asiyeweza kusoma kabisa anaachwa nyuma usipokuwa makini. Mpe kazi ya kutabiri au kuuliza, asikilize wenzake wakisoma, na wakati huohuo umfundishe kusoma kwa utaratibu wake. Mjadala haumfundishi herufi.

Nimeona pia kwamba njia hii inang'aa zaidi kwenye matini ya habari kuliko kwenye hadithi. Ukikata Kima na Papa aya kwa aya, utamu unapungua. Lakini matini kuhusu mikoko, malaria au uvuvi wa baruti, yenye maneno magumu na sababu zinazofuatana, inakaa vizuri mno.

Duara la mjadala

Watoto wanakaa wakitazamana. Wameshasoma. Mbele yao kuna swali moja lisilo na jibu moja, na mwalimu anajizuia kujibu. Wamarekani wawili wanatajwa sana hapa: Matthew Lipman, ambaye tangu miaka ya 1970 alihimiza watoto wafanye falsafa darasani kwa kusoma na kuhojiana, na Mortimer Adler, ambaye pendekezo lake la mwaka 1982 liliipa semina ya maswali nafasi katika shule za kawaida. Ila wazee kukaa barazani wakalichambua jambo hadi kahawa iishe hatukusubiri kufundishwa na mtu.

Watoto 72 hawawezi kuwa duara moja. Mimi huweka duara la ndani la watoto 12 na wengine wanasimama nyuma yao, kila aliye nje ana mtu wake wa ndani wa kumsikiliza, na katikati ya kipindi anaruhusiwa kumnong'oneza hoja. Tukiweza tunatoka nje chini ya mwembe. Kipindi kimoja hakitoshi. Omba viwili vilivyofuatana au usianze.

Swali letu lilikuwa: papa ni msaliti? Nalileta hapa kama lilivyokwenda, kadiri ninavyokumbuka.

"Ni msaliti. Alikula matunda ya kima kila siku."

"Lakini alitumwa na sultani wake. Wewe ukitumwa na mkubwa unakataa?"

Kimya. Nikahesabu vidole.

"Inategemea umetumwa nini."

"Mbona kima naye alidanganya, na hatumsemi?"

"Kima alidanganya asife."

"Na papa? Labda naye angerudi bila moyo angeuawa yeye."

Hapo kulitokea mabishano ya kweli, na watoto wawili walirudi kitabuni kutafuta kama sultani alitishia mtu. Hakutishia. Mmoja akasema basi papa hana kisingizio. Mwingine akasema hadithi haikusema, na kutosema si sawa na kukataa. Mtoto wa miaka kumi na moja.

Swali la "ukitumwa na mkubwa" ndilo lililonifanya nielewe kwa nini wenzangu wengi wanaiogopa njia hii. Sisi tunalea watoto kwa heshima, na mtoto anayembishia mkubwa anaitwa hana adabu. Mimi nadhani hofu hiyo ni ya haki na inafaa ishughulikiwe waziwazi. Kabla ya duara la kwanza nilitumia kipindi kizima kufundisha lugha yake: "Nakubaliana na hoja ya mwenzangu na ninaongeza kwamba…", "Naiona tofauti, kwa sababu kitabuni…", "Naomba ufafanue." Tukakubaliana kwamba anayepinga anaanza kwa kurudia hoja anayoipinga, na mwenye hoja athibitishe kuwa imerudiwa sawasawa. Baada ya hapo hakuna mzazi aliyewahi kunijia kulalamika kuwa mwanawe amekuwa mkaidi. Mmoja alikuja kuniuliza mbona mtoto wake siku hizi kila taarifa ya habari anauliza "umeona wapi?"

Duara linakwama kwenye mambo mawili. Watoto watatu wenye ndimi nyepesi wanaweza kulimeza lote. Wape kila mmoja punje tatu za mahindi, kila ukiongea unaweka moja chini, zikiisha unasikiliza. Na mwalimu mwenyewe. Ukisema "jibu zuri" mara moja tu, macho yote yanakugeukia na duara limerudi kuwa maswali ya ufahamu.

Na mdahalo?

Wengi watauliza mbona sijauweka. Mdahalo wa Ijumaa una mwenyekiti, katibu na mtunza muda, watoto wanaupenda, na unajenga ujasiri wa kusimama mbele za watu. Kwa kipindi cha kusoma siupendekezi. Upande unapangiwa, kazi yako ni kuutetea hadi kengele, na anayebadili mawazo baada ya kusikia hoja nzuri anahesabiwa ameshindwa. Mimi nataka kinyume chake.

Kuhusu lugha

Yote haya niliyoeleza yalifanyika kwa Kiswahili, lugha ambayo watoto wangu wanaitumia kubishana, kutaniana na kuombana samahani. Mwalimu wa kidato cha kwanza hapa Tanzania anakutana na watoto walewale wamekuwa mabubu, kwa kuwa lugha ya kufundishia imegeuka kuwa Kiingereza. Ushauri wangu kwake ni kuruhusu jozi zijadiliane kwa Kiswahili, na kushirikisha kufanyike kwa Kiingereza, hata sentensi moja. Hoja ikishazaliwa, kuivisha lugha nyingine kunawezekana. Kudai vyote viwili kwa mkupuo kunaua hoja kwanza.

Uchague ipi

Darasa lako likizidi 60 na vitabu ni vichache, anza na wawili wawili, na kwa hadithi uchanganye na kutabiri: unasoma kwa sauti, unasimama, jozi zinajadili, unaendelea. Hilo ndilo pendekezo langu kwa shule nyingi za umma, na usione haya kubaki hapo mwaka mzima.

Ukiwa na matini ya habari na nakala moja kwa kila watoto sita, wekeza mwezi mmoja kwenye kupokezana. Usijaribu wiki mbili ukaacha, maana wiki mbili za kwanza ni fujo tupu na utaondoka ukidhani njia ni mbaya.

Darasa la watoto 30 hadi 40, vipindi viwili pamoja, na watoto waliokwisha kuzoea kuzungumza wawili wawili, nenda kwenye duara. Ukirukia duara bila mazoea hayo utapata kimya cha dakika kumi.

Wiki ya mtihani, rudi kwenye maswali ya ufahamu, pamoja na sekunde tatu zako na swali moja lililogeuzwa.

Mthibiti ubora akikuuliza kwa nini watoto wanapiga kelele, mfungulie muhtasari wa somo. Mitaala ya Tanzania imejengwa juu ya umahiri tangu 2005. Kenya nako mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017, unataja uwaziaji kina na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Unachofanya ndicho kilichoandikwa.

Ratiba yangu ya sasa ni hii: Jumatatu tunasoma hadithi kwa kutabiri na jozi, Jumatano vikundi vinapokezana kwenye matini ya habari, na mara moja kwa mwezi, vipindi viwili vikikutana, tunatoka chini ya mwembe. Mwezi uliopita tulirudia Kima na Papa kwa sababu watoto wenyewe waliomba. Tulikuwa tumefika kwa punda, ameshauawa, simba anauliza moyo uko wapi. Nikasimama, nikiwa na swali langu tayari ubaoni. Mtoto mmoja akainua mkono kabla sijaligeukia.

"Mwalimu, huyo dobi alikuwa wapi? Punda ni wake. Mbona hakumtafuta?"

Sikuwahi kulifikiria. Nikafuta la kwangu, nikaliandika la kwake, nikawaambia wageukie jirani.